Jiwe Lililoshuka na Muto

Mukaribie, batoto bangu. Abdoul, kaa hapa ku kichwa, na wewe Djamila zima kwanza ile radio, juu sauti yangu iko inaisha na sitasema mara mbili. Nyumba hii ya Ruashi ni yenu bote bawili. Parsele, kile kiwanja cha Sakania, ni ya shangazi yenu Rachida, musigombane naye, maneno hayo tulishayamaliza mbele ya bazee. Kinachoninyima usingizi ni zile kaye kumi na ine, madaftari yangu ya kupimia muto, ziko mu sanduku chini ya kitanda.

Kesho injenieri Martine Mbuyi anakuja kuzichukua. Amepima muto wetu toka chemchemi mpaka pale unapoingia mu muto wa Kafubu, amechunguza maji, udongo na miti iliyokatwa, lakini habari ya miaka iliyopita hana, isipokuwa ile niliyoandika mimi. Mu kaye zangu atasoma kwamba maji ya kiangazi hayapunguki, na kwa neno hilo biro ya maji, ile ofisi ya mujini, itatoa ruhusa ya kuweka pompe kubwa za kuvuta maji kule juu. Batoto bangu, ni uongo. Maji yamepunguka karibu mita moja, na mimi njo niliandika kwamba hayakupunguka.

Musikilize ilivyokuwa, musinikate. Bantu ba biro balipigilia eshele ku nguzo ya daraja, kile chuma chenye namba, nikawa naisoma asubuhi na magaribi, mvua na jua. Kisha bantu ba kuiba vyuma bakaing'oa. Niliandikia biro barua tatu, hakuna aliyejibu, nikaona haya kuacha kurasa nyeupe, basi nikaanza kupima kimo cha maji toka ku lile jiwe la kutawadhia, pale chini ya musikiti, tunaposhukia mbele ya alfajiri juu robine, bomba za musikiti, hazitoi kitu. Mwaka wa kwanza namba zilikuwa za kweli, hata mbele ya Mungu nitasema hivyo.

Lakini kila kiangazi maji yalisogea chini, na bazee benzangu, magoti yamekwisha, hawakuyafikia tena. Vijana ba musikiti bakabaonea huruma, bakachimba, bakashusha jiwe kiasi cha shibiri moja. Mwaka uliofuata tena, na tena. Mimi mwenyewe nilisimama pale na birika mu mukono, nikabaombea dua, nikaweka muguu ku jiwe nikafurahi, kisha nikachukua fimbo yangu ya kupimia, nikaandika namba ileile ya mwaka uliopita. Siku hiyo niliwaza magoti, sikuwaza kaye.

Nilikuja kushituka mwaka wa ine, Djamila ulipokuja kulia hapa kwamba kisima chako kimekauka mara ya pili. Nikafungua kurasa, nikakuta namba zimelala tu, kiangazi kwa kiangazi, nikajua kosa liko wapi: jiwe lilikuwa linashuka pamoja na maji. Na nikanyamaza. Biro balikuwa bamenipa cheti, picha yangu iko ku ukuta kule mujini, na wewe Abdoul balishakuahidi kazi juu ya jina langu, nikaogopa batakufukuza mbele hujaanza. Bado naogopa, mwanangu. Nilidhani mutu akilala kitanda hiki woga unamuacha, kumbe unalala naye. Djamila, unisamehe. Ulichota maji mbali ukiwa na mimba ya mutoto wako Mawazo, mimi najua sababu, nikakaa kimya nakuangalia unapita na bido ya maji ku kichwa.

Abdoul, usiniangalie hivyo. Najua unataka kusema tumupe injenieri zile kaye, muzee apumzike na jina lake, na kazi yako isiguswe. Jina langu mulizike pamoja na mimi. Pompe zikiwekwa, kiangazi kijacho mbuzi batapita mu muto bila kulowa kwato, na bamama bote ba bustani, na batoto ba dada yako, batakunywa nini?

Niinue kidogo, Djamila... hapana, maji baadaye. Kaye zenye karatasi ya bluu ni za eshele, ni za kweli. Zile zingine umuelezee Mama Martine yote niliyosema, jiwe limeshushwa mara tano, bale vijana bako hai, abaulize. Asisikie ku bantu ba inje, asikie kwenu.

Sasa... ku nguzo ya daraja, musumari mukubwa wa eshele ungali mu beto, mu saruji ya nguzo, haujasogea. Abdoul, chukua mita ya fundi, enda sasa hivi, ingia mu maji, pima toka ku musumari mpaka maji yanapogusa. Uandike mu kaye mupya, tarehe ya leo, na jina lako chini yake, si langu.

Mungu akulindeni. Akupeni maji nyuma yangu, na moyo wa kusema kweli mapema kuliko mimi. Radhi yangu munayo, bote bawili, yote... hakuna niliyoibakisha.

Enda, mwanangu. Ukirudi, ukikuta dada yako amenifunika uso... usilie kwanza. Andika.