Sauti Zilizokaushwa Juu ya Meko

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, wachungaji na masheikh mliotuombea asubuhi hii, wazee wa ng'ambo zote mbili za mto, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mama Gladys Kaviha wa Idsowe uliyekataa katakata kukaa mbele: hamjambo nyote. Chifu, nimekuona ukitazama saa. Mimi Hudson Tsuma ndiye meneja wa redio hii, na mtu wa redio ukimpa maikrofoni umejitakia mwenyewe. Nivumilie tu.

Leo tunaifungua upya redio yetu ya Garsen, na kuta bado zinanuka matope. Mvua zilipozidi, sote tulikodolea macho upande wa mto, tukapanga magunia ya mchanga mlangoni, tukajipongeza. Maji yakatujia kwa nyuma, kutoka mashambani, polepole, bila kelele.

Nilirudi kwa mtumbwi, nikachungulia dirishani. Kompyuta iliyobeba kila tulichowahi kurekodi ilikuwa imezama. Maji yalikuwa yametulia tuli, jua limepenya hadi sakafuni, visamaki vinazungukazunguka kiti cha mtangazaji, na Mungu anisamehe, palipendeza. Nikabaki pale nimeduwaa, nikidhani nasikia huko chini akina mama wa Kinakomba wakiimba shambani, na Zachary akisoma salamu. Kumbe ni vyura.

Kwa mgeni asiyemjua, Zachary Kaviha alikuwa sauti yetu ya alfajiri. Nani hapa hakuamshwa naye? Homa ilimchukua mwaka juzi, na mama yake, huyu aliyejificha nyuma ya wanakwaya, hakubaki na sauti yake popote isipokuwa ndani ya rekodi zetu. Mkulima akifa huacha shamba, fundi huacha nyumba alizojenga. Je, mtu ambaye kazi yake ilikuwa sauti, huacha nini maji yakiisha kupita?

Basi ilikuwepo nakala. Zachary mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba nakala isilale nyumba moja na kompyuta, na kila Ijumaa alibeba diski ndogo kwenda nayo kwa mama yake. Alipofariki, fundi wetu Lorna Ziro akaendelea na safari hiyo, na nadhani hakwenda kwa ajili ya diski peke yake; alifuata pia samaki wa Mama Gladys.

Maji yalipopungua tukaenda Idsowe, mimi na Lorna, roho mkononi. Kabati ambamo Mama alikuwa akiiweka diski lilikuwa limesombwa, halipo. Lorna akakaa chini kwenye tope. Ndipo Mama akatueleza kwamba mvua zilipoanza aliitoa kabatini, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaitundika juu ya meko pamoja na mahindi yake ya mbegu. Nani asiyejua kwamba kitu cha kutunzwa hutundikwa kwenye moshi? Maji yalifika dirishani yakakomea hapo. Diski ilikuwa ingali inaning'inia, nyeusi tititi kwa masizi, mfuko umeyeyuka na kuigandia.

Lorna alijisahau, akasema moshi na joto huiharibu diski. Laiti angenyamaza! Mama akasema, "Nimemkausha mwanangu kama mahindi."

Neno hilo lilituuma sote, na Lorna zaidi. Hakukimbilia kuiwasha. Aliibandua plastiki kidogo kidogo, akaifuta masizi kwa brashi laini, akaiunganisha na kompyuta mpya, akawa anachota kilichokubali, kilichokataa anakiacha kipumzike, kisha anakirudia. Nyimbo za Kinakomba zikaja. Hadithi za wafugaji zikaja nusu nusu, ng'ombe wanalia lakini msimulizi hayupo. Kipindi changu cha kilimo kimepotea chote, na naona hapa hakuna anayelia.

Mama alikuwa akija hapa redioni kila siku, anakaa pembeni, haulizi. Lorna naye alikuwa anaogopa kumtazama. Lorna, binti yangu, mbele ya watu hawa wote nakuambia asante. Ulitufanyia kazi ya ufundi, na ya utu pia.

Kisha asubuhi moja spika ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Halafu, taratibu, kama anayeamka: "Habari za asubuhi, wasikilizaji wangu. Ni mimi, Zachary."

Mama Gladys akainuka, akavuta kiti chake hadi karibu na spika, akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini, vile alivyokuwa akimuuliza kila Ijumaa akiingia nyumbani:

"Umekula?"

Redio yetu imefunguliwa. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.