Phineas Waiswa, Kipa Aliyetaka Mtu Nyuma Yake

Mzee Phineas Waiswa anastaafu Jumapili, tarehe 28 Septemba 2008, baada ya miaka ishirini na minne ya kuitumikia Klabu ya Kriketi ya Ziwa, hapa Adelphi, Maryland. Muda wote huo amekuwa kipa wetu, na kwa sehemu kubwa nahodha pia, mkata nyasi, mchora mistari ya chokaa, na mtu pekee anayeaminiwa ufunguo wa kibanda cha vifaa. Magoti yamekataa. Daktari amesema basi, dada Abigail mkewe amesema basi, na mzee mwenyewe, baada ya kunung'unika kiangazi kizima, amekubali.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii wakingoja pilau: kipa wa kriketi ni yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu tunavyoviita wiketi. Kila mpira unaompita mpigaji ni wake. Mbele anaona kila kitu, nyuma haoni chochote. Naomba mlikumbuke hilo la mgongo.

Alizaliwa Jinja, akajifunza kriketi shuleni, na miaka ya sabini alikuwa kipa wa kutegemewa katika klabu moja ya Kampala. Ni miaka ambayo mchezaji angepaswa kung'ara, na yake yeye iliangukia kwenye utawala wa bunduki, mwishoni ikaangukia vitani. Mipira mipya haikupatikana, ikawa mmoja unashonwa na fundi viatu mpaka unasahau ulikuwa mviringo. Wiki hii mna timu kamili, wiki ijayo mwenzenu hayupo, na hakuna anayeuliza kaenda wapi. Akahamia Nairobi, akacheza huko, kisha akaja Maryland akapata kazi katika makao ya wazee ambako yuko mpaka leo. Siku za kazi anawainua wazee vitandani, Jumapili anachuchumaa kwenye nyasi. Magoti gani yangevumilia?

Sasa, mzee alikuwa na mambo yake. La kwanza, kila mechi alimweka mtu mmoja nyuma yake kabisa, karibu na miti. Mwenye kujua kriketi anajua mtu huwekwa pale kipa akiwa chekecheo. Na mikono ya Phineas haikuvuja! Wapinzani walicheka. Wayne, nahodha wa Wajamaika wa Langley Park, kila msimu alimuuliza kama amenunua miwani. Aliyewekwa pale mara nyingi ni Kipkemboi, muuguzi, ambaye alidai kwamba kuchakuro wa miti ile wanamjua kwa jina. Mimi, Eliudi Shiundu, mrushaji wake, roho iliniuma kweli kweli, maana mtu yule angesimama kando ya kipa angenidakia mipira mingi sana.

La pili, mechi ikiisha hakuna kuondoka ovyo. Phineas alisimama katikati ya uwanja akatuita kwa majina, mmoja mmoja. Unaitika, unatoka. Yeye anatoka wa mwisho. Mvua inyeshe, wake zetu wapige honi kwenye magari, hajali. Tulimwita mwalimu wa zamu.

Na la tatu, Kiswahili. Miaka ya mwanzo ukimsemesha Kiswahili ghafla akiwa amekupa mgongo, aliruka, kisha akakujibu Kiingereza. Sisi Wakenya tukasema, aa, Waganda na Kizungu chao. Tukamtania sana kwa hilo.

Oktoba 2002 ndipo tulipomwelewa. Waliokuwa hapa hawahitaji kukumbushwa. Mtu asiyejulikana alikuwa akiwapiga watu risasi kutoka mbali, leo Maryland, kesho Virginia: anayejaza petroli, anayekata nyasi, anayetoka dukani na mifuko yake. Tulijaza petroli tumejikunyata kando ya magari kama wezi. Tulivuka maegesho tukienda upandeupande, watu wazima na heshima zetu. Polisi walikuwa wakitafuta gari jeupe la mizigo, na kila tulipoliona moja tuliinama. Mke wangu Jerotich alimpeleka mtoto shuleni amemfunika kwa koti lake, kana kwamba koti lingezuia kitu. Niliogopa, jamani. Niliogopa hata kufungua pazia.

Na Jumapili ya pili ya mwezi ule tulikuwa na mechi dhidi ya kina Wayne. Michezo ya shule ilikuwa imefutwa, lakini ligi yetu ya wakubwa ikawaachia manahodha waamue, kwa sharti moja: timu itakayogoma itashuka daraja na kunyang'anywa uwanja wake. Uwanja wenyewe tulikuwa tumeuhangaikia miaka. Bila huo tulikuwa kundi la watu wenye nguo nyeupe na pa kuzivalia hamna. Tukajipa moyo kwamba tuna mzee aliyecheza vitani, yeye atatuvusha. Alisema atakuja.

Tukaja wote. Nilipoona wenzangu wamesambaa kwenye nyasi zile, weupe pe, kila mmoja peke yake, nilijikuta natazama miti badala ya wiketi. Kipkemboi alikwenda kwenye nafasi yake karibu na miti. Hakutembea kama mtu anayekwenda kucheza. Alipofika aliipa mechi mgongo, akasimama anaitazama miti. Nilikuwa nimeshika mpira, nangoja kipa achuchumae.

Hakuchuchumaa. Aligeuka akamtazama Kipkemboi. Kisha akavua glavu, na kabla hata mpira mmoja haujarushwa, akaanza kutuita kwa majina. Kipkemboi alikuwa wa kwanza. Tukatoka mmoja mmoja, wengine mbio, wengine wakijifanya hawakimbii. Yeye akatoka mwisho, akaenda moja kwa moja kwa Wayne, akampa mkono na ushindi.

Ndani ya kibanda tulimjia juu. Uwanja umekwenda, daraja limekwenda! Wengine walimwita mwoga, tena kwa Kiswahili cha kupaza sauti. Mzee alikaa, mgongo ukutani, akajibu kwa Kiswahili hicho hicho kwamba ndiyo, yeye ni mwoga tangu mwaka 1979. Halafu akatusimulia.

Ilikuwa Machi, Kampala, Jumapili. Mizinga ilisikika kwa mbali, nao wakacheza, maana kukaa nyumbani kuisikiliza kulikuwa kubaya zaidi. Askari wa serikali waliokuwa wakikimbia vita wakaingia kupitia uzio wa nyuma, nyuma ya kipa. Wenzake wote walikuwa wametazama upande ule, wakawaona, wakatimua mbio. Hakuna aliyemwita. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amedaka mpira, anautazama mkononi kwa furaha. Alipoinua macho, uwanja ulikuwa mtupu. Ndipo aliposikia Kiswahili nyuma yake, na chuma cha bunduki shingoni.

Askari alitaka kujua ameshika nini. Kiswahili chenyewe, lugha ya jeshi kule Uganda, Phineas alikuwa nacho kidogo tu, kile cha kuwaogopea askari. Akafungua glavu taratibu. Yule kijana hakuwa amewahi kuona mpira wa kriketi maishani mwake. Aliona dude jekundu, gumu, limeshonwa katikati. Akaruka nyuma akipiga kelele kwamba ni bomu. Wakamwamuru abaki hivyo hivyo, asiliachie, akiliachia wanampiga, wakarudi nyuma bunduki zimemwelekea.

Basi akabaki amechuchumaa, mpira mikononi. Askari waliondoka lini, hakujua, kwa kuwa walikuwa nyuma yake na hakuthubutu kugeuka. Jasho likakauka, miguu ikafa, giza likaingia. Alipogeuka hatimaye hapakuwa na mtu. Alisema huenda walikuwa wameondoka zamani sana, na yeye akaendelea kuogopa uzio mtupu.

Kipkemboi alicheka pale penye bomu, kisha kicheko kikageuka kilio. Mzee alisema wenzake amekwisha kuwasamehe, kukimbia ilikuwa haki yao. Kinachomuuma ni jina. Wangemwita tu huku wakikimbia. Na akasema hawezi kumweka mtoto wa mwenzake miti mgongoni ili yeye apate amani ya kuchuchumaa.

Tulishuka daraja. Uwanja ukachukuliwa, tukacheza misimu miwili kwenye kiwanja cha shule huko Falls Church, kimeinama mpaka mpira unarudi wenyewe. Tulipopanda tena, tukarudishiwa uwanja wetu na kukutana na kina Wayne, Wayne alimweka mtu nyuma ya kipa wake mwenyewe. Hakueleza, na habari ya miwani hatujaisikia tena. Sisi wote tuliokuwa kwenye nyasi zile Oktoba ile tuko hai, na katika mafanikio yote ya Mzee Phineas hilo naliweka juu kabisa. Glavu anamwachia kijana wetu Atiba, ambaye Kiswahili amekisomea chuoni na hakiogopi. Atiba naye, bila kuambiwa, ameomba Kipkemboi abaki pale pale.

Nakiri kwamba tunaogopa. Kuchuchumaa, Atiba atachuchumaa vizuri. Tunaogopa siku ambayo mechi itaisha na kila mtu akashika njia yake, asijue nani kabaki nyuma.

Kwa hiyo tumekubaliana, na mzee akiisoma karatasi hii mapema shauri yake. Jumapili mechi ikiisha atasimama katikati na kutuita kama kawaida. Tutaitika, tutatoka. Kisha itabaki ile sehemu ambayo miaka yote hii hatukuifikiria: yeye peke yake uwanjani, miti nyuma yake, na hakuna wa kumwita. Safari hii hakuna atakayekwenda kwenye gari. Tutapanga mstari kwenye chokaa, Wayne na watu wake pamoja nasi, na tutamwita kwa Kiswahili, kwa sauti moja.

Asante kwa kila mpira, mzee wetu, na kwa ule mmoja uliokataa urushwe. Mapumziko yako yawe mema na marefu, wewe na dada Abigail, na hayo magoti Mungu ayape nafuu.

Phineas Waiswa! Toka sasa. Tunakungoja.