Jakaranda Iliyokatwa Kama Majani Chai

Benchi yetu ya Kiamunyi imeegemea ua wa Kipkirui, na hapo ndipo kahawa hunywewa kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Kipkirui tunamwita Majani, maana alikata majani chai kwenye mashamba ya Keringet mpaka mgongo ukakataa. Mwezi uliopita bibi yake Jepkosgei alienda kumuuguza dadake, akamwachia neno moja: apunguze matawi ya jakaranda changa, zawadi ya mwisho ya marehemu mamake Jepkosgei. Majani akachukua panga, akaikata vile mkono wake unajua, bapa kabisa kama kichaka cha chai, usawa wa magoti. Leo bibi anarudi, na maskini kikombe chake hajakigusa.

— Ulipunguza mti ama uliunyoa? akauliza Gachanja. Huyo ni Wakili. Sheria hajasomea, lakini kesi za mashamba amezizoea tangu ujana.

— Kule Keringet tunakata hivyo, na chai inarudi. Nilidhani mti ni mti.

— Usijali. Samaki mkunje angali mbichi, Wakili akamfariji, na hakuna aliyejua samaki ameingiaje hapo.

Odero, fundi wa pampu, ndiye huleta thamosi. Alikuwa amechungulia juu ya ua.

— Yawa! Hebu njooni muone!

Majani hakuwa amethubutu kukitazama kile kisiki tangu siku ile. Akasimama, akachungulia. Lo! Machipukizi yalikuwa yametoboa gome kavu pande zote, laini, ya kijani, yamejaa tele.

— Hiyo ni presha, akasema Odero. Umeziba bomba juu, maji yakajitafutia mlango.

— Presha wapi! akadakia Wakili. Ni mvuke wa volkano ya Menengai. Unapita hapa chini, mizizi inaoga maji moto.

— Na sukuma wiki yangu mbona ilikauka, Wakili?

— Sukuma haina imani.

— Wacheni mchezo, Majani akanong'ona. Mama mkwe alikuwa mtu wa maombi. Huyu ni yeye. Ananiambia sijamuua.

Hakuna aliyecheka. Wakili alivua kofia. Odero alikuwa anamimina kahawa, ikapita kikombe ikamwagika chini, asione.

Bodaboda ikasimama. Jepkosgei akashuka na begi lake.

— Mama Linah, nimekosa, Majani akasema kabla hata ya salamu. Nimeikata yote.

 Jepkosgei alifungua geti, akapiga magoti mbele ya kisiki, akapitisha kiganja juu ya yale machipukizi polepole, machozi yakimtoka. Wanaume walisimama nyuma yake, kama wako kanisani.

— Kumbe mama alikuwa na nguvu hivi, akasema. Kisha akageuka. — Lakini Baba Linah, yote hayawezi kuwa shina. Moja libaki, mengine yakatwe. Ni lipi?

Majani akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Odero. Hakuna aliyethubutu kunyoosha kidole.