Mtetee Dhidi Yangu

Wasikilizaji wapendwa, mwenye kazi mkononi na aendelee nayo. Mtu tunayemkumbuka saa hii hakupenda kumwona mwenzake ameweka mikono mapajani. Yeye mwenyewe starehe hiyo hakuijua. Tangu utotoni walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina likamganda shuleni, likamganda mahakamani, likamganda hadi juzi tulipomzika.

Kiguu alikuwa wakili. Si wakili wa mashamba, si wakili wa makampuni. Alikuwa wakili wa watu wanaolazwa hospitali ya akili bila wao kutaka. Narudia, kwa aliyefungulia redio sasa hivi. Daktari amesema mgonjwa alazwe. Familia imesema alazwe. Mwenyewe anasema hapana. Huyo anayesema hapana, peke yake, ndiye aliyekuwa mteja wa Kiguu.

Tulipokwenda kumpa pole mama yake, tulidhani tutamkuta amelala kitandani. Tulimkuta uani anafokea watu waliopanga viti vibaya. Akatuketisha, akasema: "Mtoto yule hakukaa tumboni mwangu. Alipita tu." Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio.

Nyumbani kwake Kiguu, chai ilipoa kwenye vyumba vitatu tofauti, maana alianza kuinywa sebuleni, akaisahau chumbani, akamimina nyingine jikoni. Alisoma sheria akitembea ukumbini. Alizungumza na simu akizunguka meza mpaka wageni wakashikwa na kizunguzungu. Hakuwahi kuolewa. Mashangazi walipomuuliza sababu, aliwajibu, "Atakayenioa ataniona saa ngapi?"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, vikao vyenyewe vya kusikiliza kesi hizo havikukaa kwenye jumba kubwa la mahakama. Vilikaa hospitalini humo humo, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka na bado kikinuka sabuni. Meza moja ndefu. Nyuma ya meza watu watatu: hakimu, daktari mmoja asiyemtibu mgonjwa yule, na raia wa kawaida. Zamani kesi ilikwisha kabla maji ya glasi hayajanyweka. Mgonjwa aliletwa na nguo za hospitali, macho mazito kwa dawa. Akaulizwa kama ana neno. Akatikisa kichwa. Akarudishwa wodini. Wakili wa kupangiwa alikuwepo, naam, lakini kama saa ya ukutani iliyokwisha betri.

Kiguu alipoingia mara ya kwanza, hakuanza na sheria. Alianza na suruali.

"Mheshimiwa, mteja wangu ana suruali yake aliyokuja nayo. Iko wapi?"

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Wakili, tumekuja kuzungumzia akili, si suruali."

"Mheshimiwa, hebu tukuvalishe wewe pajama lililochanika makalioni, kisha tukuulize kama una akili timamu. Utajibu umekaa au umesimama?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mgonjwa. Suruali ikaletwa. Tangu siku hiyo, wateja wake walikuja mbele ya jopo na nguo zao wenyewe.

Kuna kesi moja inatuhusu sisi wa redio. Mlinzi mmoja mstaafu alilazwa kwa nguvu. Miongoni mwa dalili zake waliandika hivi: anadai redio inamtaja jina na kumsalimia kila Jumapili. Nani asingetikisa kichwa? Kiguu hakutikisa kichwa. Alimuuliza mzee, "Redio gani?" Mzee akamtajia. Ilikuwa hii yetu. Basi dada wa mapokezi wa hapa anakumbuka jinsi mwanamke alivyoingia kama upepo na kuuliza, bila hata kukaa, kama tuna kipindi cha salamu siku ya Jumapili. Tunacho. Na kweli, binti wa mzee yule, anayefanya kazi mbali, alikuwa akimtumia baba yake salamu kila wiki, na mtangazaji akizisoma.

Mzee hakuwa mzima, tusidanganyane. Alikuwa hapati usingizi, na alikuwa akimfukuza kila aliyegonga mlango. Lakini la redio lilikuwa kweli. Kiguu akaliambia jopo maneno ambayo watu wa hospitali ile wanayasema mpaka leo: "Mtu anaweza kuwa mgonjwa na bado akasema kweli." Mzee akarudi nyumbani, na muuguzi akapangwa kumtembelea.

Mpaka hapo, wasikilizaji, hadithi ya Kiguu ilikuwa nyepesi. Upande mmoja mgonjwa na wakili wake. Upande wa pili familia na hospitali. Ndivyo alivyoiona yeye. Kisha mambo yakabisha hodi kwao.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, na sisi tutamwita Kitinda kama wanavyomwita nyumbani. Kitinda ni seremala. Aliishi na mama, karakana yake nyuma ya nyumba. Mtu mtaratibu, mwenye kupiga randa huku akinong'ona na ubao. Mwaka ule usingizi ulimtoroka. Chakula kikamshinda. Akaanza kusikia mtu analia darini.

Mchana mmoja mama alimpigia simu Kiguu. "Njoo. Mdogo wako anabomoa nyumba."

Kiguu alikuta Kitinda yuko juu ya paa, misumari mdomoni, vidole vinavuja damu, anang'oa mabati. Bati moja lilikuwa limeshaanguka uani na kukata kamba ya nguo. Wingu la mvua lilikuwa limefunga. Na mama alikuwa ndani, chini ya dari ile ile, amekataa kutoka.

"Mama, toka!"

"Nikitoka ataona nimemkimbia," mama akajibu kutoka ndani.

Kiguu akapanda ngazi. Kitinda akamwona, akatoa misumari mdomoni, akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, wewe kila siku unatoa watu waliofungiwa. Niache mimi nimtoe mmoja tu."

Alituambia rafiki mmoja wa Kiguu kwamba neno hilo lilimkaa kifuani miaka yote. Pale juu ya ngazi Kiguu alinyoosha mkono. Alimshika mdogo wake kifundo cha mguu, akakishikilia mpaka majirani walipokuja. Wakamshusha. Wakampeleka hospitali, na huko wakamchoma sindano ya kumtuliza. Ombi la kumlaza kwa nguvu lilihitaji saini ya ndugu wa karibu. Mama hakuweza. Kiguu akasaini. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Wakili aliyepinga maombi kama hayo miaka nenda rudi, siku ile aliomba mwenyewe.

Hakurudi nyumbani kubadili nguo. Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa wakili mmoja aliyeitwa Mzee Tai. Tai ya shingoni, si ndege, maana hakuivua hata kwenye joto la kupikia ugali. Wawili hao waliwahi kuwa na ofisi moja, wakagombana juu ya kesi, wakaachana, na walikuwa hawasalimiani. Akaingia na vumbi la kutu mikononi.

"Umekuja kuendeleza ugomvi?" Mzee Tai akamuuliza.

"Nimekuja kukupa kesi. Mdogo wangu analazwa kwa nguvu. Nataka umtetee."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu."

Mzee Tai akavua miwani. "Kaa kwanza."

"Sikai. Nisikilize. Usinihurumie. Ukinihurumia mimi, utamwangusha yeye. Niulize yale yote unayojua nayaogopa."

"Na nikikushinda? Akirudi juu ya paa?"

Kiguu akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Nitakuwa chini, nimkinge. Lakini hataingia kwenye chumba kile bila mtu wa upande wake. Hilo siliwezi."

Siku ya kikao, kwa mara ya kwanza Kiguu hakuruhusiwa kusimama. Shahidi hukaa. Kiti chenyewe miguu haikulingana, kikawa kinamchezesha. Kitinda alikuwa mbele yake, amevaa shati lake la karakana. Hakumtazama dada yake. Mzee Tai akakaza tai yake, akaanza.

"Shahidi, mdogo wako alianza lini kukosa usingizi?"

"Sijui hasa."

"Hakukwambia?"

"Alinipigia simu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia niko kwenye kesi."

"Akapiga tena?"

"Akapiga."

"Ukamjibu nini?"

"Niko kwenye kesi."

"Kabla ya kutia saini, ulimuuliza anataka nini?"

"Hapana."

"Wewe?" Mzee Tai akauliza, na sauti yake yenyewe ilikuwa imepungua. "Wewe, Kiguu?"

"Mimi. Sikumuuliza. Niliogopa."

Hakimu ndipo akamgeukia Kitinda. Seremala yule akasimama, mikono yake ikitetemeka kwa ile sindano, akaificha nyuma, kisha akaitoa ili waione.

"Mimi nasikia mtu darini," akasema. "Mnasema hayupo. Huenda hayupo. Lakini analia, na nimechoka kumsikia. Nataka kulala. Ila sindano ile siitaki. Tazameni. Mikono hii ndiyo inashika randa. Mkinirudisha nyumbani na mikono hii, mmenirudisha nani?"

"Kwa hiyo unakubali kutibiwa?" hakimu akauliza.

"Nakubali kulala. Nakataa kutetemeka."

Jopo likatoka, likarudi. Likaamua Kitinda abaki hospitali, lakini kwa muda mfupi kuliko ulioombwa. Dawa ile ibadilishwe. Mama aruhusiwe kumwona siku yoyote. Na kesi isikilizwe upya mapema. Kwa hiyo Kiguu alishinda, na Kiguu alishindwa. Alitoka nje akazunguka ua wa hospitali, raundi juu ya raundi, mpaka muuguzi mmoja akamfuata na maji, akatembea naye raundi ya mwisho.

Kitinda alilala. Alipona polepole, akaumwa tena, akapata nafuu tena. Ugonjwa huo hauagi mara moja. Lakini kwa muda mrefu hakuzungumza na dada yake. Kiguu akija nyumbani, yeye anaingia karakana na kuwasha msumeno. Mama alikuwa katikati, akipeleka sahani huku na huku, akilalamika, "Nimezaa watoto wawili, nimegeuzwa mhudumu wa mkahawa."

Kisha siku moja Kitinda alikwenda ofisini kwa Kiguu bila taarifa. Akamkuta anazunguka meza na simu sikioni. Akangoja. Kiguu akamwambia mtu wa kwenye simu, "Nitakupigia baadaye, ndugu yangu yuko hapa." Akakata.

"Sijakusamehe yote," Kitinda akasema.

"Usisamehe kwa haraka."

"Umekula?"

Kiguu hakuwa amekula. Wakatoka wakala.

Baada ya hapo Kiguu aliendelea na kazi ile ile, kwa ukali ule ule, ila kuna kitu kiliongezeka. Kabla ya kila kikao alikwenda kwanza kuwaona akina mama na akina kaka waliotia saini, wale aliokuwa akiwaona maadui. Aliwauliza wameogopa nini. Kesi kadhaa ziliishia hapo nje, ukumbini, kwa makubaliano. Nyingine alizipigana mpaka mwisho. Na Mzee Tai akarudi ofisi moja naye, wakagombania dirisha: huyu alitaka lifunguliwe, yule lifungwe.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka jana. Daktari akamwambia apumzike. Mnajua alivyolipokea neno hilo. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi za hospitali ile ile ya akili, akienda kumwona mteja. Wakampeleka wodi ya moyo. Kitinda alikuwa naye, na ndiye aliyetusimulia. Muuguzi alimwambia alale, asiinuke tena.

"Nina haki ya kukataa?" Kiguu akauliza.

"Unayo," muuguzi akajibu.

"Basi kama ninayo, nalala."

Alifariki asubuhi yake, mkono wake uko ndani ya mkono wa mdogo wake.

Tulimuuliza Kitinda swali ambalo huenda nawe unalo. Je, dada yako alikosea siku ile, au alipatia? Akasema: "Aliogopa, akanipeleka. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Lakini hakuniacha mbele ya watu wale nikiwa sina wa kunisemea. Wengi niliowakuta wodini hawakuwa na mtu."

Kwa mama yake, kwa Kitinda, kwa Mzee Tai ambaye leo ofisi yake imekuwa kubwa mno, na kwa wateja wote wa Kiguu, walio wodini na walio majumbani: poleni sana. Msiba huu ni wetu pamoja. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi mliobaki karibu na redio. Yamkini katika nyumba yako kuna mtu anayezungumzwa kwa kunong'ona. Mko sebuleni, mnapanga apelekwe wapi, apewe nini, nani akae naye. Yeye yuko chumba cha pili, anasikia. Labda kweli anahitaji kulazwa. Labda hahitaji. Lakini kabla hamjaamua, mwiteni. Mpeni kiti. Muulizeni anataka nini, na mumwache aseme mpaka mwisho, hata maneno yake yakizunguka.

Leo jioni, kabla ya chakula. Mwiteni.