Aliyeanguka Hajatembea

Benchi la kijiweni lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya kibanda cha kinyozi, na ukikaa ncha ya kushoto peke yako lilikuwa linakumwaga. Mama Birika alikuwa pembeni yake kama kila jioni, birika juu ya mkaa, vikombe kwenye ndoo. Siku zote hakujali wanachobishania. Wanaume wakibishana hunywa kahawa, na wakinywa, kwake kunapikwa. Lakini jioni hiyo alitega sikio. Jumamosi, katika fainali ya mpira wa kikapu, binti yake alianguka na mpira mikononi, mtaa ukiwa nyuma kwa kikapu kimoja na zimebaki sekunde chache tu. Refa akapuliza filimbi: ametembea na mpira. Wakapewa wenzao, na kombe likaenda zake. Tangu hapo binti amelala na goti lililofura kama boga, uso ukutani. Leo asubuhi ndipo aliposema neno: “Mama, waulize kijiweni. Nilikosea?”

— Haya, semeni, alisema Mama Birika akimimina. Mwanangu alikosea au hakukosea?

— Alikosea wapi! alidakia Kinyozi, mkasi mkononi. Kutembea ni miguu. Yeye alikuwa kalala kifudifudi. Umeona wapi mtu anatembea kwa tumbo?

— Nyoka, alisema Spika, fundi redio ambaye yeye mwenyewe hakuwa na kitufe cha kupunguza sauti.

— Nyoka hachezi kikapu!

— Nasema tu. Mtoto aliteleza. Na haba na haba hujaza kibaba. Ukiteleza kidogo kidogo, mwisho inakuwa safari.

— Safari! Nauli alilipa nani? Profesa Nati, fundi baiskeli aliyeingia shule nyingi na kutotoka na cheti hata kimoja, aliweka kikombe chini. Nisikilizeni. Ule uwanja umeinama. Mwaga maji katikati, yote yanakimbilia mtaroni. Kwa hiyo si yeye aliyekwenda, uwanja ndio uliompeleka. Refa alitakiwa kuupulizia filimbi uwanja.

— Kama ni hivyo, na dunia je? Spika alipandisha sauti hadi mteja kwenye kiti cha kinyozi akageuka. Dunia inazunguka! Hata sasa hivi, benchi na makalio yetu, tunakwenda. Wote tumetembea na mpira tangu tumezaliwa!

— Bila kudunda!

Wakacheka, wakagonganisha viganja. Mama Birika hakucheka. Angerudi nyumbani amwambie mtoto kwamba kosa ni la dunia?

— Tena yule refa, Kinyozi aliendelea, kichwa kanyolewa ovyo. Mtu hajui kuchagua kinyozi, atajua sheria? Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika...

Neno likamkwama. Wote wakatazama birika.

— Guu, alimalizia Mama Birika. Sema tu, kaka. Ila daktari hakusema limevunjika. Kasema kamba za ndani zimekatika. Kuruka tena, basi.

— Pole, mama, alisema Nati. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Koleo linanunuliwa lingine.

Hapo akaja mtu mwenye kofia ya kitambaa, akasalimu, akakaa ncha ile ya kushoto.

— Sogea huku, ndugu, hapo panaangusha, Spika alimwambia. Enhe, wewe mgeni ndiye utatuamulia. Mtu akianguka na mpira mkononi, ametembea?

— Hapana, alisema mgeni.

Kijiwe kililipuka. Nati aliinuka akampa mkono. Mama Birika alimjazia mgeni kikombe hadi ukingoni.

— Kuanguka si kosa, mgeni aliendelea wakiwa bado wanashangilia. Kuteleza nao pia si kosa. Ukiwa pale pale chini unaweza kutoa pasi, unaweza kurusha. Kosa ni kubingirika nao, au kutaka kuinuka nao mikononi. Ukifanya hivyo tu...

Ngumi zake mbili zikazungukana kifuani zenyewe, moja ikiifukuza nyingine.

Kila mtu pale aliijua mikono ile: ndiyo iliyozunguka hivyo Jumamosi, baada ya filimbi. Mgeni akavua kofia. Kweli kichwa kilikuwa kimenyolewa ovyo, na hakuna aliyecheka.

— Nimeelekezwa kwako, mama, alisema refa. Nimekuja kumjulia hali. Goti linasemaje?

Pale benchini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

— Limekataa, alijibu Mama Birika.

Refa alikizungusha kikombe, hakunywa.

— Kuna jambo linaninyima usingizi. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe. Nililiona goti likienda upande kabla hajagusa chini. Na mwenzake yuko chini ya kikapu, peke yake, anamnyooshea mikono. Pasi moja tu. Nimeiuma filimbi, naomba Mungu nisiipulize. Mtu aliyeumia vile, kwa nini aliinuka?

Kinyozi aliufungua mkasi, akaufunga. Nati alikuwa anaangalia viatu vyake. Jumamosi wote walikuwa mstari wa mbele. Spika ndiye aliyeanzisha na mtaa mzima ukapokea: Inuka! Inuka! Inuka! Na sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya Mama Birika, ambaye kwa neno hilo hilo alimfundisha mtoto huyo kutembea.

— Tumiminie basi, mama, alisema Spika, na safari hii ilibidi umsogelee ndipo umsikie.

Mama Birika aliinamisha birika. Yalitoka machicha matupu.

Nyumbani, binti alisikia mlango, akajigeuza kutoka ukutani. Akaegemea kiwiko, akaanza kujivuta akae, meno ameyauma.

— Wamesemaje, mama?

Mama Birika aliliacha birika hapo hapo mlangoni, akapiga magoti kando ya godoro, akamshika mabega akamrudisha chini polepole.

— Wamesema kuanguka si kosa.

— Na kingine?

— Lala, mwanangu. Usiinuke.