Nesi Alisemaje Kuhusu Maziwa?

Benchi letu liko ubavuni mwa ukuta wa hospitali, karibu na geti dogo, kati ya kibanda cha kinyozi na jiko langu la mkaa. Mimi ndiye ninayemimina kahawa. Wananiita Mama Birika, na jina hilo nimelizoea kuliko langu mwenyewe. Wateja wangu wa jioni ni wale wale. Pasi ni dobi, akiongea mkono wake unanyoosha hewa. Antena ni fundi redio, na kila ugonjwa kwake ni waya uliolegea. Refa alichezesha mpira wa mitaani miaka mingi, na filimbi bado iko shingoni. Sheria ya benchi aliitunga yeye: mtu akileta tatizo, kila mmoja lazima atoe jibu, na hakuna kusema "sijui". Atakayesema sijui anaosha vikombe vyote. Kwa sheria hiyo nimesikia majibu ya kumtoa mgonjwa kitandani akimbie. Jioni ile tatizo lililetwa na Kinyozi mwenyewe. Alitoka getini mbio mbio, mikono mitupu, akajibana katikati yao bila hata salamu.

Refa: Ebo! Wamekufukuza?

Kinyozi: Hawajanifukuza. Mke wangu anapasuliwa kesho asubuhi.

Utani uliishia hapo. Sote tulijua mkewe amejifungua juzi juzi tu, mtoto wa kwanza, miezi miwili hajamaliza. Na wiki nzima alikuwa akijikunja kwa maumivu chini ya mbavu. Mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Pasi: Pole, ndugu yangu. Lakini hiyo operesheni wanaifanya kila siku.

Kinyozi: Operesheni daktari kanieleza, nimeelewa. Kinachoninyima raha ni mtoto. Yule anajua kunyonya tu. Chupa tumemjaribisha, anaitema halafu ananiangalia utadhani nimemtukana. Sasa mama yake akilazwa usingizi mle ndani, mtoto atakula nini? Na mama akiamka, maziwa yatafaa? Au ndiyo basi tena, kitoto kile kimeachishwa ziwa?

Nikammiminia kahawa, akaishika bila kunywa. Mimi nimenyonyesha wanne, lakini kisu hakijawahi kunigusa, kwa hiyo nikanyamaza. Wenzangu ambao hawajanyonyesha hata mmoja hawakunyamaza.

Pasi: Sikiliza. Dawa ya usingizi inaingia kwenye damu, damu inaingia kwenye maziwa. Mtoto akinyonya tu, analala mpaka wiki ijayo.

Kinyozi: Wiki ijayo!

Pasi: Shemeji yangu alikuwa na mbuzi.

Antena: Mbuzi alipasuliwa?

Pasi: Hakupasuliwa. Alikula vidonge vya usingizi vya bibi. Kitoto chake kikanyonya, kikalala kimesimama.

Refa: Kimesimama?

Pasi: Wima! Tukakifunga kwenye nguzo kisianguke.

Antena: Pasi, dawa si tatizo. Tatizo ni hewa. Mwili ni redio, bwana. Ukifungua kifuniko cha nyuma, hewa inaingia, stesheni zinapotea. Wakifungua tumbo, maziwa yanashuka chini. Wakishashona, inabidi myatafute upya, taratibu.

Kinyozi: Tunayatafutaje?

Antena: Mnageuza kitanda. Kichwa mlangoni, miguu dirishani. Yasipopatikana, mnageuza tena.

Mimi: Na kidonda, Antena?

Antena: Kidonda kinageuka naye, Mama Birika. Kitabaki wapi?

Refa akapuliza filimbi. Hufanya hivyo akiona wengine wanafaidi sana mazungumzo.

Refa: Wote mmeotea. Maziwa yana wachezaji wawili. Wa kulia yuko upande wa nyongo, ameumia, anatoka nje. Wa kushoto anaendelea mpaka mwisho wa mchezo.

Pasi: Na wa akiba?

Refa: Wa akiba ni baba.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Kinyozi hakucheka. Alijishika kifua kidogo, na naapa, kwa muda mfupi mtu yule alikuwa anafikiria. Hapo nikamhurumia kweli.

Mimi: Kinyozi, si umetoka wodini sasa hivi? Hakuna nesi aliyewaeleza?

Kinyozi: Alikuja. Mama mkwe kakaa upande ule wa kitanda, mimi upande huu. Nesi akavuta stuli, akasema, "Haya, sasa tuzungumze habari ya matiti." Mbele ya mama mkwe! Ningeangalia wapi, Mama Birika? Nikasema naenda kununua maji.

Antena: Na maji yako wapi?

Kinyozi akaitazama mikono yake.

Refa: Ulifanya vizuri. Heshima kwanza.

Pasi: Mimi ningepita dirishani.

Kinyozi: Mama mkwe alibaki, kwa hiyo yeye amesikia yote. Lakini nitamuulizaje? Nianze na neno gani?

Wakaanza kumtafutia neno. Pasi akasema aulize habari za "upande wa juu". Refa akapendekeza "safu ya mbele". Antena, baada ya kufikiri sana, akasema neno la heshima ni "mitambo". Kinyozi alikuwa analijaribu hilo la mwisho kwa sauti ya chini, geti dogo lilipofunguka akatoka mama wa makamo, shuka jepesi begani. Wote wanne wakasimama kwa pamoja, kahawa ikamwagika.

Kinyozi: Shikamoo, mama.

Mama mkwe: Marahaba tena. Uliniamkia mchana.

Pasi alifuta benchi kwa kiganja amkaribishe, akakataa kukaa. Alijiweka sawa shuka lake, akalitazama birika langu badala ya kumtazama mkwewe.

Mama mkwe: Nimekutafuta dukani, sikukuona. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu, mwanangu. Yule nesi alisemaje kuhusu maziwa?

Kinyozi aliweka kikombe chake chini.

Kinyozi: Mama, si wewe ulibaki?

Mama mkwe: Nibaki! Yazungumzwe mambo ya mwili wa binti yangu, mumewe yuko pale, nami nimekodoa macho? Ulipoinuka kwenda kununua maji nilijua unarudi sasa hivi. Nikakupisha usikilize kwa nafasi. Nimekaa uani mpaka nesi akaondoka.

Kinyozi: Kwa hiyo aliyesikia ni...

Mama mkwe: Mgonjwa peke yake. Na alishachomwa sindano ya maumivu, macho yanamfumba. Nikimuuliza, anasema nesi ameongea vizuri.

Siku nyingine tungevunjika mbavu. Lakini yule mama alikuwa amekunja pindo la shuka lake mpaka vidole vimebadilika rangi, na binti yake ni yule mle ndani.

Mama mkwe: Kesho mtoto utamshika wewe. Mimi mikono hii siku hizi inatetemeka, hata chai namwaga. Mama yake akiwa ndani, mtoto akalia, utampa nini?

Akatutazama sote, mmoja mmoja, kwa matumaini kabisa, maana wanaume watatu na kahawa yao huonekana watu wa maana. Mkono wa Pasi uliacha kunyoosha hewa. Antena aliona kitu kwenye kiatu chake. Refa alishika filimbi akaiachia.

Kinyozi: Sijui, mama.

Tangu sheria itungwe, sikuwahi kulisikia neno hilo pale. Nilingoja Refa apige kelele za vikombe, hakupiga.

Mama mkwe: Na mimi sijui. Basi twende tukaulize pamoja. Wewe utaangalia dari, mimi nitaangalia ukuta.

Wakaingia getini, yeye mbele, Kinyozi nyuma. Kisha Kinyozi akarudi mbio mpaka dukani, akanunua chupa ya maji, akamfuata. Nilitamani kulia, na sijui kwa nini wanasema moshi wa mkaa ndio unaotoa machozi.

Kahawa zilipoa vikombeni. Nilikuwa natoa majivu jikoni Kinyozi alipotokea tena, anahema.

Kinyozi: Mama Birika, nipe kikombe! Kile kidogo kuliko vyote!

Refa: Kaa kwanza. Amesemaje?

Kinyozi: Sikai. Mke wangu anakamua usiku huu, maziwa yanawekwa kwenye friji ya wodi. Kesho kabla hajaingia anamnyonyesha mtoto ashibe. Akiwa ndani, mtoto akilia, nampa yale yaliyokamuliwa. Kwa kikombe! Kama chupa haitaki, nesi kasema kikombe kidogo kinatosha. Na matiti yakimjaa kabla hajapata nguvu, atasaidiwa kukamua, matiti yasiume, maana matiti yakijaa sana...

Neno hilo lilimtoka mara tatu kwa pumzi moja, na hakuna aliyekufa.

Pasi: Na kulala wiki nzima?

Kinyozi: Daktari wa usingizi anajua kwamba ananyonyesha, dawa anazichagua akijua hivyo. Mama akiamka vizuri, akaweza kumshika mwanawe, ananyonyesha. Hakuna kumwaga.

Antena: Kugeuza kitanda je?

Kinyozi: Kitanda hakigeuzwi. Mtoto ndiye anawekwa ubavuni, miguu iende nyuma ya mama yake, asipige kidonda.

Antena: Si nilisema kuna kugeuza!

Nilikichemsha kikombe kwenye sufuria safi. Pasi alikimbia kwake akaleta kitambaa cheupe, kimepigwa pasi mpaka kingo zinakata, tukakifunga humo. Refa alimshika Kinyozi bega.

Refa: Mkono usitetemeke.

Kinyozi: Nanyoa vichwa vya watoto wanaolia, Refa. Nesi kasema nisimmiminie. Kikombe kiguse mdomo tu, alambe mwenyewe.

Refa: Na akikataa?

Kinyozi: Sijui.

Alilisema taratibu tu, akaondoka na kikombe chake.

Kesho yake kibanda cha kinyozi kilifungwa kutwa, na benchi lilijaa mapema kuliko kawaida, bila mada yoyote. Jioni geti dogo likafunguka. Shati la Kinyozi lilikuwa na madoa ya maziwa toka kola mpaka mkanda, na uso wake sina haja ya kuueleza.

Kinyozi: Mawe yametoka. Ameamka. Ananyonyesha sasa hivi, nimewaacha.

Pasi: Na kikombe?

Kinyozi: Cha kwanza alikimwaga chote hapa kifuani kwangu. Cha pili kamaliza, akalamba mpaka kingo. Mke wangu alipofumbua macho, la kwanza kuuliza, nani kamlisha mtoto. Mama mkwe akaniangalia mimi usoni, hakuangalia ukuta, akasema, "Mumeo."

Akafungua kitambaa, akakiweka kikombe kwenye sinia, katikati ya vingine. Nikanyanyua birika. Kahawa ilikuwa ya kutosha watu wote, na bado mkono wangu ulisimama juu ya kile kikombe.

Pasi: Samahani jamani. Hicho sasa nani atakinywea?

Tulikitazama. Mwishowe Refa alivua filimbi, akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya shati.

Refa: Sijui, bwana. Leteni vikombe nioshe.