Kofia ya Kapitene na Maji ya Chini ya Nyumba

Ndugu zangu na dada zangu, mama kiongozi amenipa dakika tano. Mimi sikusoma sana. Saa naijua, ila mdomo wangu hauijui. Mnivumilie.

Mnaniona hapa Louisville nimetulia. Bon, kuna wakati bibi yangu, mama wa watoto wangu, alinifukuza nyumbani kwetu Beechmont, na alikuwa na haki.

Nianzie mbali. Kule Tanganyika, ziwani, nikiwa na nguvu zangu, nilishika usukani wa meli ya Mfaransa mmoja. Yule mzee zamani alikuwa na meli nyingi za baharini, na kiti kwenye baraza la koloni yao. Simsifu bure: sheria walizopitisha mule ziliwabebesha watu mizigo kwa fimbo. Halafu kiti kikamponyoka, meli zikauzwa, akafika kwetu na moja tu, imejaa kutu. Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho macho yangu yaliona. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, yule mtu wa baraza alivua viatu, akashuka tumboni mwa meli, akateka maji machafu kwa ndoo! Siku moja nikamuambia, "Patron, acha, sisi tuko." Akacheka. "Kiti hapana fundisha mimi kuogelea. Ndoo ndiyo inafundisha."

Mtu ambaye baba yangu angemvulia kofia, matope mpaka magotini!

Alipokufa, kapitene nikawa mimi. Nikavaa kofia, nikasahau ndoo.

Donc, vita, kambi, ndege, Louisville. Kazi waliyonipa: kupiga deki kwenye ghala. Nikaenda na kofia yangu, msicheke, na karatasi yangu ya ukapitene. Msimamizi akatazama muhuri vizuri sana, akanipa fagio. Nikatoka. Nikapanda basi mpaka mtoni, nikakaa kutazama meli zinasukuma matishari, zile mashua bapa za mizigo, yamejaa makaa. Kesho yake vilevile. Bibi yangu anaamini niko kazini, na yeye mgongo unamuuma kwa kazi yake ya kunyanyua na kutunza wazee wa watu. Alipojua, akasema, "Kapitene, meli yako iko wapi? Nenda uitafute. Siku ukipata kazi, mlango unaujua."

Nikaenda Columbus, kwa kijana wangu anayekaa Gahanna, pembeni ya mji. Tukashindwana, maana sahani yangu sikuosha. Nikaenda Buffalo, kwa binti yangu, kule Cheektowaga. Theluji ilipoyeyuka, maji yakaingia kile chumba cha chini ya nyumba. Binti akanipigia simu kutoka kazini: "Papa, chukua ndoo, nguo za watoto ziko mule!"

"Mimi?"

"Kwani kuna papa mwingine humo ndani?"

Nikashuka. Maji baridi, giza, na harufu ileile ya tumbo la meli. Mungu wangu! Nikaona nimesimama palepale aliposimama Mfaransa. Ziwa lilikuwa limenifuata, limevuka bahari, limeingia chini ya nyumba ya binti yangu kuniuliza neno moja: ndoo iko wapi? Nikavua viatu. Kofia nikaitundika kwenye msumari. Nikateka, nikateka, mpaka binti akarudi akanikuta naimba huku machozi yanatoka.

"Papa, uko sawa?"

"Niko kazini," nikamuambia.

Ndugu mmoja, yuko hapa leo, sitamtaja, alinitafutia kazi nyingine ya deki, huku Louisville. Nikarudi. Bibi yangu akafungua mlango. "Kofia iko wapi?"

"Kwenye msumari, Buffalo."

Akanitazama mikono. Akasogea nipite.

Namshukuru yeye. Namshukuru binti yangu, na yule ndugu, na mama zetu waliomletea bibi yangu ugali na lengalenga, mchicha wetu, wakati mimi nahesabu matishari. Na wewe uliyekuwa mwalimu, uliyekuwa muganga, uliyekuwa mukubwa kule kwetu: vyeo ulivyokuwa navyo, Mungu anavijua, havikupotea. Shuka tu kwanza uteke maji ya nyumba yako.

Nakaa. Mkitoka, pale mlangoni mpite polepole. Nimepiga deki asubuhi hii, bado kunateleza.